Namna ya Kuifunga na Kuirekebisha Antena ya Meli Isiipoteze Setilaiti

Setilaiti ya mawasiliano iliyoko kilomita 35,786 juu ya ikweta huzunguka sambamba na dunia, kwa hiyo aliye nchi kavu hulielekeza dishi lake mara moja, akakaza nati na kuondoka. Baharia hana raha hiyo. Dishi la sentimita 60 linalorusha mawimbi ya bendi ya Ku kwa gigahezi 14 hutoa mwale wenye upana wa nyuzi 2.5 hivi, na dishi la mita moja hutoa mwale wa nyuzi 1.5 tu. Meli inayokwenda mrama nyuzi 15 kila upande, ikimaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 8, hupita katikati kwa kasi inayokaribia nyuzi 12 kwa sekunde. Katika robo ya sekunde, dishi lisilotulizwa limekwishaiacha setilaiti.

Jambo moja la kututuliza moyo ni kwamba meli kupanda na kushuka na wimbi hakudhuru kitu, kwa maana mita tano si lolote mbele ya kilomita elfu thelathini na kitu. Kinachodhuru ni mzunguko: mrama wa ubavuni, kuinuka na kuinama kwa omo (sehemu ya mbele ya meli), na omo kupepesuka kushoto na kulia. Hayo matatu ndiyo ambayo antena inapaswa kuyafuta.

Huyafuta kwa vihisi vitatu vya jairo vilivyofungwa nyuma ya dishi lenyewe, ambavyo hupima kasi ya kugeuka katika kila mhimili na kuziamuru mota zigeuze dishi kinyume chake papo hapo. Ila jairo hupima kasi tu. Pembe hupatikana kwa kujumlisha kasi hizo, na kila jumla hubeba kosa dogo linalokua dakika baada ya dakika. Ndiyo maana kuna kihisi cha mwinamo kinachoijulisha antena chini ni wapi, dira ya meli inayoijulisha kaskazini ni wapi, na nguvu ya ishara yenyewe inayothibitisha kwamba setilaiti ipo pale ilipodhaniwa. Antena haijui chochote zaidi ya kile inachoambiwa na vihisi hivyo, na kwa uzoefu wangu, antena nyingi zinazotangazwa kuwa mbovu huwa zinafuata kwa utii mkubwa habari zisizo sahihi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu msingi, mizani na dira, na sehemu ndogo tu inahusu programu.

Mahali pa kuifunga

Watu wengi hukimbilia kilele cha mlingoti kwa sababu huko hakuna kizuizi. Ni kweli kwamba antena inahitaji kuona anga pande zote, lakini kimo kina gharama yake. Chukua antena iliyo mita 20 juu ya mhimili ambao meli hulalia, na mrama ule ule wa nyuzi 15 kwa sekunde 8: kila meli inapofika mwisho wa mlalo, antena husukumwa ubavuni kwa mchapuko unaozidi mita 3 kwa sekunde kwa sekunde, karibu theluthi moja ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kihisi cha mwinamo hakiwezi kutofautisha msukumo huo na mvutano wenyewe. Ni kama maji ya ndoo ndani ya gari linalofunga breki: uso wa maji huinama ingawa gari halijainama. Watengenezaji hulipunguza tatizo hilo kwa kukiamini kihisi cha mwinamo kwa wastani wa muda mrefu tu, lakini msukumo ukiwa mdogo, kazi ya antena nayo huwa nyepesi. Chagua mahali pa chini kabisa panapotoa mwonekano unaokubalika, karibu na mstari wa katikati ya meli, hata kama utalazimika kuvumilia kizuizi chembamba cha mlingoti upande mmoja.

Usiifunge antena katika kimo kimoja na rada, kwa kuwa mwale wa rada ni mpana kwa wima na huweza kuharibu kipokezi. Iepushe pia na moshi wa bomba la injini, maana masizi yakigandamana na chumvi juu ya kuba, yaani kifuniko cha antena, huila ishara polepole, na joto huviharibu vifaa vya ndani.

Kitako ambacho antena hukalia kinapaswa kuwa kigumu kuliko unavyodhani. Bomba refu jembamba lililochomelewa juu ya paa la daraja hutetemeka kwa mwendo wa injini, na jairo huuona mtetemo huo kama mwendo wa meli na kuanza kuufukuza. Fundi wa kuchomelea aongeze mikono ya pembetatu chini ya bapa, na kama paa lenyewe ni jembamba, kitako kishuke hadi kwenye boriti ya chini yake. Njia rahisi ya kupima ni kuweka kiganja juu ya bapa huku injini ikipandishwa mizunguko taratibu kutoka chini hadi juu. Ukisikia ganzi mkononi katika mzunguko fulani, usiendelee na kazi mpaka kitako kitiwe nguvu.

Bapa lisawazishwe kwa pimamaji meli ikiwa imekaa sawa majini, na alama ya omo iliyo kwenye kitako cha antena itazame omo kwa usambamba na mstari wa katikati. Hapa usitegemee jicho. Pima umbali kutoka mstari wa katikati hadi tundu la bolti la mbele na lile la nyuma. Vikitofautiana kwa sentimita moja katika urefu wa nusu mita, umekwishapotoka kwa zaidi ya nyuzi 1.

Mizani ya dishi

Hii ndiyo kazi inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoziua mota mapema. Kabla ya kuingia ndani ya kuba, zima umeme wa antena kwenye swichi yake kuu, funga swichi hiyo na uache karatasi yenye jina lako, kwa sababu dishi lenye umeme hugeuka bila kumwonya mtu, na kirushi kilichowashwa hutoa mawimbi yanayodhuru mwili wa aliye mbele yake. Kibali cha kufanya kazi juu kitolewe na ofisa wa zamu, na mkanda wa usalama uvaliwe hata kama meli iko gatini.

Ondoa vifungio vya safari, vihesabu, na uvifunge kwenye mfuko ndani ya kuba, maana siku antena itakaposafirishwa tena kwa lori vitahitajika. Ikiwa antena yako ina breki katika mihimili, zilegeze kwa namna kitabu chake kinavyoelekeza. Kisha liweke dishi kwenye mwinuko wa nyuzi 0, uliache taratibu kwa kidole kimoja, na uangalie. Fanya hivyo kwa nyuzi 45, na tena karibu na 90. Dishi lenye mizani hubaki pale ulipoliacha. Likianguka kwa mbele katika pembe zote, ongeza uzito nyuma. Likitulia kwenye 0 lakini likaanguka kwenye 90, uzito haujakaa katika kimo sahihi cha mhimili, na kuongeza vyuma nyuma hakutasaidia; sogeza uzito uliopo juu au chini. Rudia zoezi hilo katika mhimili wa kulala ubavuni.

Angalia kebo. Mara moja nilihangaika nusu siku na dishi lililokuwa sawa kila mahali isipokuwa kuanzia nyuzi 70 kwenda juu, ambako lilirudi chini kama linalovutwa na mpira. Kilichokuwa kinalivuta ni kebo ya koaksio iliyofungwa kwa kibano cha plastiki sentimita chache tu karibu mno na kiungo, hivyo kila dishi lilipopanda kebo ilinyooka na kukaza. Nilikata kibano, nikaacha kitanzi kidogo, na dishi likatulia. Vivyo hivyo, kila unapobadilisha kirushi au kipokezi kwa kingine chenye uzito tofauti, mizani ianze upya.

Dira ya meli

Mvutano wa dunia huirekebisha antena katika mihimili miwili, lakini hauna lolote la kuiambia kuhusu kulia na kushoto. Katika azimuthi, yaani pembe ya uelekeo kutoka kaskazini, antena huitegemea dira ya jairo ya meli, ambayo kwa kawaida hutuma uelekeo kwa ujumbe wa HDT wa NMEA 0183, mfumo wa vifaa vya meli kupashana habari, au dira ya GPS yenye vipokezi viwili. Nyaya mbili za ujumbe huo zikipishana, mitambo mingine haitapokea kitu, na mingine itapokea takataka. Hakikisha namba ya uelekeo inayoonekana kwenye kisanduku cha antena inafuata namba iliyo kwenye daraja tarakimu kwa tarakimu, hasa meli inapogeuka na kuvuka kaskazini, kutoka 359 kwenda 000.

Halafu hakikisha dira yenyewe ni ya kweli. Meli ikiwa imefungwa gatini, soma kwenye ramani ya bahari uelekeo wa ukuta wa gati, na uulinganishe na dira. Kumbuka pia kwamba dira ya jairo hupata kosa kutokana na mwendo: meli inayokwenda kaskazini kwa maili 15 za baharini kwa saa karibu na ikweta huifanya dira ipotoke kwa takribani nyuzi 1, ikiwa dira haijapewa kasi ya meli ili ijirekebishe.

Kwa nini ninalikazania jambo hili? Kwa sababu katika pwani yetu kosa la dira hujificha. Tuchukue setilaiti iliyo nyuzi 36 Mashariki. Ukiwa Mombasa, setilaiti hiyo iko karibu utosini, mwinuko wa nyuzi 83.6, uelekeo wa 318. Kosa la azimuthi hupungua kadiri dishi linavyotazama juu, hivyo dira iliyopotoka kwa nyuzi 5 hulitoa dishi nje ya setilaiti kwa nyuzi 0.6 tu, na mfumo wa kutafuta ishara hulifuta kosa hilo bila mtu kujua. Meli hiyo hiyo ikifika Durban, mwinuko umeshuka hadi nyuzi 55 hivi, na kosa lile lile la nyuzi 5 linakuwa nyuzi 2.9. Mwale umetoka kabisa. Nimewahi kuikabidhi antena ya namna hiyo kwa moyo mweupe baada ya kuiona ikifanya kazi vizuri Tanga na Mombasa, kisha nikapigiwa simu kutoka kusini kwamba imekufa. Haikuwa imekufa, mimi ndiye niliyeridhika na ishara nzuri bila kuupima uelekeo.

Tangu hapo hutumia njia hii. Nikiwa bandarini, nazima kirushi, kisha nailekeza antena kwa muda kwenye setilaiti iliyo mbali, nyuzi 50 hivi mashariki au magharibi mwa meli, ambayo mwale wake wa kushuka unafika hapa. Kutoka Mombasa setilaiti ya namna hiyo huwa na mwinuko wa nyuzi 33 hivi, na huko kosa la dira halina pa kujificha. Nailinganisha azimuthi ambayo antena imeikuta na ile iliyokokotolewa kwa nafasi ya meli. Tofauti yake naiingiza kama rekebisho la azimuthi, kisha narudi kwenye setilaiti ya kazi. Rekebisho likizidi nyuzi 2 au 3, nashuka kwenda kutafuta sababu kwenye kitako au kwenye dira, kwa maana tarakimu haipaswi kuficha chuma kilichopinda.

Nafasi ya GPS haihitaji ukali kama huo. Kosa la maili 10 za baharini halifiki robo ya nyuzi.

Utosini

Ukaribu wa ikweta unaleta shida nyingine. Antena yenye mihimili miwili tu, wa azimuthi na wa mwinuko, haiwezi kufanya kazi vizuri huku kwetu. Setilaiti ikiwa nyuzi 6.4 kutoka utosini na meli ikalala nyuzi 10 kuielekea, mlingoti huipita setilaiti, na antena hulazimika kugeuka nusu duara kwa mara moja, kisha kurudi tena meli inapoinuka. Hakuna mota inayoweza hilo kila sekunde nane. Kwa hiyo unaponunua, dai antena yenye mhimili wa tatu, ule unaoliinamisha dishi ubavuni, na uhakikishe mwinuko wake unapita nyuzi 90, kwani meli ikilala upande wa pili dishi litahitaji kuvuka wima.

Polaraizesheni, yaani mwelekeo ambao mawimbi hutikisikia, nayo huenda mbio. Kwa setilaiti ile ile ya nyuzi 36, meli inayotoka Mombasa kwenda Mogadishu huhitaji kuzungusha kichwa cha kipokezi kwa nyuzi 60 hivi katika safari ya maili 500 hivi tu za baharini. Mota ya polaraizesheni iliyokwama huenda isigundulike kwa wiki kadhaa kwa meli inayofanya safari fupi kati ya Dar es Salaam na Unguja, bali itaonekana mara moja kwa meli inayokwenda Mogadishu. Iamuru izunguke mwanzo hadi mwisho, na usimame uitazame kwa macho yako.

Kuifuata ishara

Antena ikishaipata setilaiti, dishi hutikisika kidogo sana kuizunguka, likilinganisha nguvu ya ishara juu na chini, kushoto na kulia, na kujisogeza kuelekea palipo na nguvu zaidi. Kazi yako hapa ni kuweka kizingiti, yaani nguvu ya ishara ambayo chini yake antena huhesabu kwamba imeipoteza setilaiti. Liondoe dishi kwenye setilaiti kwa nyuzi kadhaa na uandike namba ya kelele tupu. Lirudishe uandike namba ya kilele. Weka kizingiti katikati yake. Kizingiti kilicho chini mno huifanya antena iridhike na kelele, au na setilaiti ya jirani. Thibitisha kwa modemu kwamba umeipata setilaiti sahihi kabla ya kuwasha kirushi, kwani kurusha kwenye setilaiti ya mwingine ni kuharibu mawasiliano ya watu usiowajua.

Ukali unaotakiwa si wa kubuni. Azimio Na. 902 la Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio wa mwaka 2003 liliwekea vituo vya melini usahihi wa nyuzi 0.2 kwa kila upande, na antena nyingi huzima kirushi zenyewe kosa linapofika nyuzi 0.5. Azimio hilo liliweka pia umbali wa kilomita 125 kutoka pwani kwa bendi ya Ku na 300 kwa bendi ya C, ambao ndani yake meli haikupaswa kurusha bila ridhaa ya nchi husika. Shughulikia vibali mapema. Ingiza pia maeneo ya kutorusha: pale mlingoti unapokinga, na pale mwale unapoweza kupita juu ya sitaha wanakotembea watu.

Jaribio la baharini

Jaribio la gatini halitoshi. Toka nje ya mlango wa bandari, ikiwezekana wakati wa Kusi, bahari inapochafuka mwezi wa Juni au Julai, na umwombe nahodha aizungushe meli duara kamili, taratibu, mara moja kulia na mara moja kushoto. Andika nguvu ya ishara kila nyuzi 10. Ishara ikianguka kila setilaiti inapokuwa upande ule ule wa meli, kuna kizuizi, na eneo hilo uliingize kwenye orodha. Ikianguka meli inapogeuka tu na kupona inapokwenda sawa, dira inachelewa au ujumbe wake haufiki mara nyingi vya kutosha. Mara kumi kwa sekunde ni kiwango kizuri.

Halafu ipe meli ubavu wa wimbi, ushike saa mkononi. Hesabu ishara inaanguka mara ngapi katika mrama mmoja. Ikianguka mara mbili, antena inachelewa pande zote mbili sawasawa: nguvu ya mota iko chini, mkanda unaogeuza dishi umelegea, au mizani imeharibika. Ikianguka mara moja tu, dishi linatazama kidogo pembeni, na mrama wa upande mmoja unalimalizia kutoka. Hapo rekebisha pembe, usiguse nguvu za mota. Tofauti hiyo ya mara moja na mara mbili imeniokolea siku nyingi za kufungua kuba bila sababu. Ukiongeza nguvu ya mota, ongeza kidogo kidogo, na ukisikia dishi linavuma au linatetemeka likiwa limetulia, rudi nyuma hatua mbili.

Mvua kubwa pia huangusha ishara ya Ku, lakini huiangusha polepole na bila kufuata mrama. Katika siku chache za Machi na Septemba jua hupita nyuma ya setilaiti na kuifunika kwa dakika chache mchana. Hayo yasikufanye upande juu na spana.

Mwisho wa kazi, osha kuba kwa maji baridi yasiyo na chumvi, funga mlango wake na uhakikishe mpira wa kuzuia maji haujakunjika. Andika kwenye karatasi rekebisho la azimuthi, rekebisho la mwinuko, kizingiti, namba ya kelele na ya kilele, mahali meli ilipokuwa na tarehe, kisha ibandike ndani ya mlango wa kabati la antena, ambako fundi atakayepanda katika bandari nyingine ataikuta kabla hajagusa kitu.